Kilichozikwa Kushoto mwa Mlango

Nilisema "sawa" nikiwa na mfuko wa saruji begani. Kaka yangu Ochieng' alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka la vifaa vya ujenzi nilikofanya kazi mjini Migori, kofia mkononi, matope ya Ndhiwa yamemkaukia kwenye suruali. Alikuwa amemaliza kunieleza kwamba mama anataka mke wangu Boke apelekwe nyumbani akajifungulie huko. Sikuuweka mfuko chini. Labda ningeuweka chini ningefikiri. "Omera," aliniambia, na hilo ndilo neno la ndugu kwa ndugu kwetu, "umeoa Mkuria, tumenyamaza. Ng'ombe hujapeleka kwao, tumenyamaza. Sasa hata biero ya mtoto wako wa kwanza unataka itupwe kwenye shimo la hospitali pamoja na bandeji za watu?" Wapakizi wenzangu walicheka. Nikasema sawa, nitamleta Jumamosi, nikaendelea na kazi. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Siwezi kusema sikujua.

Msomaji asiye wa kwetu aelewe kwamba biero ni kondo la nyuma, lile linalotoka baada ya mtoto. Mluo akiulizwa kwao ni wapi, hataji mahali anapolala wala anapofanya kazi. Anataja mahali ilipozikwa biero yake. Mtoto wa kwanza ambaye biero yake imepotelea ugenini hutazamwa kama mgeni aliyepitia mlangoni tu, na siku ya kugawa ardhi kuna wazee watakaokumbuka jambo hilo. Mke wangu alitoka upande wa Isebania, na hata bila hilo watu wa kwetu walikuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni. Nilijidanganya kwamba namtengenezea mtoto njia.

Ninaandika haya kwa sababu mwaka jana simu yangu ililia asubuhi nikiwa napanga foleni kliniki. Siku hizi nami ni mtu wa presha. Kila mwezi nafungwa kile kitambaa mkononi na kusubiri kijazwe upepo, na kila mara moyo unanienda mbio kabla hata muuguzi hajaanza kupampu. Sauti ilikuwa ya mwanamke. "Mzee, ni Robi." Robi ni binti yangu. Hajawahi kuniita baba, na sijawahi kumdai. "Niko na mimba ya miezi sita. Daktari anauliza kama kuna presha kwa familia. Kwa nyanya hapa hakuna. Nimekuja kwako kuuliza mama alikufa na nini." Nilitoka kwenye foleni nikasimama nje kwenye jua, mkono mmoja umeshika ukuta. Nikamwambia nitampigia jioni. Mchana ule wote niliogopa kama nilivyoogopa mwaka ule mwingine.

Mwaka ule ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati gugumaji lilipolifunika ziwa. Mimi na Boke tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka, kitanda upande mmoja na jiko la mkaa upande mwingine, pazia la maua likigawa katikati. Hakujua Kiluo, nami Kikuria nilijua salamu tu, kwa hiyo mapenzi yetu na ugomvi wetu vyote vilikuwa vya Kiswahili. Mimba ilipoanza kuonekana alianza kuniita Baba Bado. "Baba Bado, leta maji." "Baba Bado, leo umenuka saruji, lala chini." Alipika ugali wa wimbi na muhogo kama walivyopika kwao, mweusi na mzito, na kuula kwa mnavu alioukaanga mpaka ukakaribia kuungua, maana hivyo ndivyo alivyoupenda. Mwezi wa saba viatu vyake vikakataa kumwingia. Akachukua akala zangu, zile ndala za matairi, akawa anaburuza miguu uani huku akicheka.

Aliyekuwa wa kwanza kutocheka ni Mama Zuhura, mke wa mwenye duka. Alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa Migori na biashara ya mumewe, mwanamke mnene wa maneno mengi, aliyempenda Boke kwa sababu wote wawili walikuwa wageni mjini pale. Siku moja nilimsikia kupitia dirisha la stoo. "Shoga, hebu bonyeza hapa. Umeona? Kidole kimeacha shimo. Huku si kunenepa." Boke akasema ni joto. "Joto gani la kukuvimbisha na macho? Okello! Wewe Okello! Njoo hapa. Mkeo anavaa viatu vyako na wewe umenyamaza, unadhani ni mitindo?" Kesho yake alimpeleka kliniki yeye mwenyewe, na kwa kuwa alinitia aibu mbele ya watu, nami nikafuata.

Muuguzi wa kliniki alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipima mara mbili. Alichukua mkojo, akaenda nao chumba cha ndani, akarudi akiwa amebadilika uso. "Baba, sikiliza na wewe," aliniambia. "Presha iko juu, na mkojo si mzuri. Hii ni presha ya mimba. Inaweza kumletea degedege akafa yeye, na mtoto akafa. Kila wiki nimwone hapa. Kichwa kikimuuma sana, akiona vitu vinametameta, tumbo likimchoma hapa juu, hamngoji kesho, mnakuja mbio. Na asiende mbali na hospitali. Unanisikia?" Nikasema nasikia. Aliandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, akaweka mistari miwili chini ya maneno. Nilipotoka niliikunja kadi ile nikaitia kwenye mfuko wa koti langu la kazi, la kaki.

Siku ya nne baada ya hapo ndipo kaka yangu alipokuja.

Boke hakukataa. Hilo limenitesa kuliko kama angekataa. Aliketi kitandani akisugua vifundo vya miguu na kuuliza, "Mama yako ameniita mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Uso wake ulifunguka, kwa maana tangu tuoane mama alikuwa hajamwita hata mara moja. "Na kliniki iko huko?" Nikasema iko karibu. Kituo cha afya kilikuwako, lakini kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima mwenye miguu yake, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Mama Zuhura alipotuona tukifunga mizigo alisimama katikati ya ua mikono kiunoni. "Unampeleka wapi huyu?" Nikamweleza mambo ya kwetu kwa heshima. Akanisikiliza hadi mwisho. "Okello mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mkeo amebeba mtoto, hakubeba kondo." Nikachukua sanduku nikatoka. Koti la kazi nililiacha limetundikwa kwenye msumari stoo, na kadi ikiwa ndani.

Nyumba ya mama ilikuwa ya udongo na mabati, yenye vyumba viwili, na pembeni jiko la nyasi. Alimpokea Boke vizuri kuliko nilivyotarajia. Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka, naye pia alikuwa na presha. Alikuwa akipata vidonge vyeupe kutoka Homa Bay, anavihifadhi kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, na kila asubuhi humeza kimoja kwa uji kama mtu anayekula kiapo. Alimtazama Boke miguu, kisha macho, kisha akaniuliza kwa Kiluo, "Huyu kliniki walisema nini kuhusu damu yake?" Nilikuwa kati yao wawili, Boke akinitazama usoni, asielewe neno. Hapo ndipo nafasi ya pili ilipokuja, na nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha starehe na kikombe cha chai mkononi. Nikamwambia mama, "Walisema imepanda kidogo. Ni kawaida kwa mimba ya kwanza." Sikutaka aseme nimeleta mzigo wa ugonjwa nyumbani kwake. Boke akauliza, "Anasema nini?" Nikamwambia, "Anasema umependeza."

Nikarudi kazini Migori, nikawa naenda Ndhiwa kila Jumamosi. Siku za katikati wale wanawake wawili walikaa pamoja bila lugha. Walichambua maharage, walioneshana vitu kwa vidole, walicheka mambo ambayo sikuyajua. Mama alimfundisha kusema "amosi", maana yake nakusalimu, na Boke akawa anawasalimia hata kuku. Jumamosi ya tatu nilikuta uso wa Boke umevimba hata mashavu yameng'aa. Mama alinivuta nyuma ya nyumba. "Nimeona ni ugonjwa wangu huu," akasema. "Kwa hiyo ninampa dawa zangu. Leo yeye, kesho mimi. Usimwambie Ochieng', atasema nampendelea." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama msichana aliyefanya kitu kizuri kwa siri. Mimi nilijua kwamba muuguzi hakusema lolote kuhusu vidonge vya wazee. Alisema hospitali. Nikamshukuru mama.

Wiki iliyofuata nilichukua likizo. Ochieng' alimleta mkunga, mwanamke tunayemwita nyamrerwa, ambaye alikuwa ametuzalisha karibu sisi wote kijijini. Watu humlaumu mkunga wa nyumbani katika hadithi kama hii. Mimi sina ruhusa ya kumlaumu. Alimpapasa Boke tumbo, akamfunua macho, akamwuliza kupitia kwangu kama kichwa kinamuuma. Boke akasema kinamuuma tangu juzi, kama mtu anakaza kamba. Mkunga akanawa mikono polepole. "Uso huu siupendi," akaniambia. "Nimeuona mara mbili katika maisha yangu. Mpeleke Homa Bay leo." Ilikuwa saa tisa mchana. Mvua ilikuwa imekatika, barabara ilikuwa matope lakini ilipitika. Nikamwuliza mtoto yuko karibu kiasi gani. Akasema siku chache. Nikauliza, kama ni siku chache, je, hawezi kumsaidia hapahapa, halafu twende hospitali baadaye na mtoto? "Unataka biero?" akauliza. Akachukua fimbo yake na kuondoka bila kunywa chai, na kwetu mkunga kuondoka bila kunywa chai ni jambo zito. Nikamwambia Boke kwamba tutaenda kesho barabara ikikauka.

Asubuhi yake tulikuwa jikoni, sisi watatu. Mama alikuwa anakoroga uji wa wimbi, moshi umetanda chini ya nyasi, na Boke amekaa karibu na mlango na akala zangu miguuni. Alisema anataka mwanga. Kisha akasema mwanga unamuumiza, akageuka. Akaweka mkono chini ya matiti. "Hapa panachoma." Nikamwambia anywe uji. Akanyanyua kibuyu, akakishusha, akatabasamu akiangalia mafiga. "Baba Bado," akasema, "mbona jiko la mama lina nyota?" Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu. Kibuyu kilianguka kwanza. Kisha shingo ikakaza, macho yakapanda juu, mikono ikajikunja, na mwili wote ukaanza kutikisika pale kwenye majivu, uji ukimwagika, mama akipiga kelele jina langu kana kwamba mimi ndiye ninayekufa. Nilijua. Katika sekunde ile nililisikia neno la muuguzi, degedege, kwa sauti yake yeye mwenyewe.

Hata hapo tulipoteza muda. Jirani mmoja alikuja mbio akasema ni juogi, yaani mapepo, na kwamba ya Wakuria yamemfuata, akaleta majani na kuanza kumfukiza. Jiko likajaa moshi na watu. Walibishana kama afungwe mkono au asifungwe, kama ageuzwe kichwa mashariki. Nilisimama na kuwaacha, kwa sababu kama ni mapepo basi si mimi. Nawaambia ukweli wangu wote. Labda ilipita saa nzima. Ni mama aliyewafukuza, kwa ukuni, akilia. "Tokeni! Mtoto wa watu anakufa, nyinyi mnampikia moshi!"

Ochieng' alikimbia hadi mashamba ya miwa akampata dereva wa trekta aliyekuwa anapakia. Kijana yule, Mungu ambariki popote alipo, alimwaga miwa yake barabarani bila kuuliza swali. Tulimlaza Boke kwenye tela juu ya majani ya miwa na godoro, nami nikakaa nikimshikilia kichwa. Degedege ilimrudia mara mbili kabla hatujafika Rodi, ambako tulipata pikapu ya kubebea samaki iliyotufikisha Homa Bay. Nakumbuka tulipoteremka mjini nikaliona ziwa, na halikuwa ziwa. Lilikuwa kijani kama shamba la viazi hadi mbali, meli moja imenaswa katikati haiendi mbele wala nyuma. Nikafikiri dunia yote imeziba.

Hospitalini walimpokea kwa mbio. Daktari alikuwa kijana, mikono ya koti lake imekunjwa. "Kadi ya kliniki iko wapi?" Nikasema iko Migori. "Alianza lini kuvimba?" Nikasema mwezi wa saba. "Na Migori hawakuwaambia?" Kulikuwa na wauguzi wawili pale, na Ochieng', na dereva wa pikapu amebeba zile akala zilizomtoka Boke miguuni. Nikasema, "Walituambia." Daktari hakunikaripia. Heri angenikaripia. Alisema tu, "Hiki ni kifafa cha mimba. Tunamtoa mtoto sasa," na mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi ya korido. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu na ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka kwenye kikapu cha mtu. Mwanamke mmoja kando yangu alikuwa akimweleza mwenzake jinsi ya kupika samaki wa mbuta asivunjike, kwa makini kabisa, na mpaka leo nakumbuka: usimgeuze kabla hajajishika. Baada ya muda nisioujua muuguzi mmoja mtu mzima alitoka na kusema ni msichana, mdogo lakini analia. Mama yake bado hajaamka. Nikasema asante. Alikuwa anageuka kwenda, akasimama. "Nyinyi ni watu wa wapi?" Nikasema Ndhiwa. "Basi mtataka biero. Tafuta beseni au mfuko, nikuletee." Nilimtazama nisielewe. Nikamwuliza kama wanaruhusu. Akacheka kidogo, kwa uchovu. "Kwani ni yetu, baba? Tangu nianze kazi hii watu wanachukua. Unauliza tu, unapewa. Hata huko Migori wanatoa."

Hata huko Migori. Niliteleza kutoka kwenye benchi nikakaa sakafuni. Muuguzi alidhani ni kwa ajili ya mke wangu, akaniletea maji. Sikuwa nimeuliza. Katika mambo yote niliyofanya na nisiyofanya mwaka ule, hilo ndilo linaloniamsha: kwamba lilikuwa swali moja, la kumwuliza mwanamke mfupi mwenye miwani ya uzi, na nilikuwa mbele yake na mdomo wangu. Aliniletea mfuko wa kaki, ule wa sukari, umewekwa ndani ya karatasi ya nailoni. Ulikuwa na joto bado.

Boke hakuamka. Alikaa siku mbili, anakoroma kama mtu aliyechoka sana, uso wake ukipungua uvimbe hadi akafanana tena na msichana niliyemwona mara ya kwanza sokoni. Siku ya pili mchana alinyamaza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Watu wake walikuja Homa Bay kutoka Isebania na lori la kukodi. Nilitegemea kelele na mapanga. Baba yake alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na alizungumza nami kwa Kiswahili cha pole pole ili nisikose neno. "Hukuleta ng'ombe," alisema. "Tulikuwa tunangoja, hatukukusumbua. Kwa hiyo kwa desturi yetu na yenu pia, huyu bado ni binti yangu, na huyu mdogo ni wangu. Ninawachukua wote wawili. Una neno?" Wazee wa kwetu walitazama chini. Mama yake Boke alimfunga mtoto mgongoni, akatazama miguu ya marehemu, ambayo nilikuwa nimeivisha zile akala kwa safari, na kuuliza hivi viatu vya nani. Nikasema vyangu. Akavivua, akaviweka chini mbele yangu, kwa utaratibu, kimoja kando ya kingine.

Kwa hiyo nilirudi Ndhiwa na mfuko wa kaki. Wanawake waliuzika jioni ileile kama inavyotakiwa, kushoto mwa mlango wa nyumba ya mama kwa kuwa mtoto alikuwa wa kike, na wakapaona pazuri. Walipomaliza mama alikaa na mimi ndani. "Walisema amekufa na nini?" Nikasema ni kazi ya Mungu. Akatikisa kichwa. "Ni dawa zangu," akasema. "Dawa za mzee nimempa mtoto mwenye mimba. Nimemuua kwa mikono hii." Nilipaswa kumwambia papo hapo. Nilifungua mdomo. Akaendelea, "Na ni mimi niliyemwita. Nilimwambia Ochieng' akuulize. Kuuliza tu. Ungesema hapana ningenuna siku mbili, halafu ningekuja huko Migori mwenyewe na kuku." Nikaufunga mdomo. Maana kama angejua kuhusu kadi angejua pia kwamba hakuna aliyenilazimisha, si yeye, si kaka yangu, si wazee. Kesho yake nilimwona akienda chooni na lile kopo la majani ya chai, akarudi bila kitu. Hakumeza kidonge tena. Nilijua mtu wa presha akiacha dawa kinachomfuata ni nini. Kila siku nilisema nitamwambia kesho.

Mavuno yalikuwa bado shambani nilipomkuta asubuhi moja ameketi mlangoni, mdomo umeenda upande, uji unamtoka, mkono wa kulia umelala kwenye paja kama kitu cha mtu mwingine. Aliishi mwaka mmoja na nusu hivyo. Nilimlisha, nilimgeuza ili asipate vidonda, nilimfulia. Majirani walinisifu kwa kumtunza mama. Mwezi wa tatu wa kitanda chake ndipo nilipomwambia kila kitu: muuguzi, kadi, wino mwekundu, koti. Nilimwambia dawa zake hazikumuua mtu. Alikuwa hawezi kusema, lakini alisikia vizuri. Alinitazama kwa jicho moja lililobaki na nguvu mpaka nilipomaliza, kisha akageuza uso ukutani kwa juhudi kubwa, kidogo kidogo. Tangu siku hiyo alikubali chakula kutoka kwa mkono wa Ochieng', si wangu.

Jioni ile ya mwaka jana nilimpigia Robi. Nilimwambia: presha ilikuwa kwa mama yako, na ilikuwa kwa mama yangu, na sasa iko kwangu, mwambie daktari yote matatu, usifiche hata moja. Kisha nikamwambia na hayo mengine, kama nilivyoyaandika hapa. Hakunikatiza. Nilisikia jogoo upande wake na mtu anachota maji. Mwishowe alisema, "Asante kwa kuniambia ya presha." Akakata. Miezi mitatu baadaye ulikuja ujumbe: amejifungulia hospitali, mvulana, wote wazima. Nilijibu. Haujaja mwingine.

Kwa kusema sawa siku ile nilimpoteza Boke. Nilimpoteza mama, ambaye alikufa akiwa amenipa mgongo. Na nilimpoteza binti yangu, ambaye yu hai, na ambaye hajawahi kulala hata usiku mmoja katika boma ambamo biero yake imezikwa.